Sahihi ya Chumba cha Wazee

Ruiru
3 Juni 1957

Kwa shemeji Nicanor,

Salamu zangu zikufikie hapo Makongeni, wewe na mama watoto na watoto wenyewe. Huku kwetu tu wazima, isipokuwa Benta alisumbuliwa na jino wiki nzima. Juzi ameling'oa na sasa anapiga kelele kama kawaida yake, kwa hivyo najua amepona. Mvua imetuacha na baridi imeingia. Natumaini huko kiwandani ngozi bado zinanuka, maana siku zikiacha kunuka mjue kazi imekwisha.

Sasa nije kwa habari iliyonikalisha mezani. Mzungu wetu wa kahawa amewafuta kazi watu arobaini mwezi uliopita, na wengi wao walikuwa wanachama wetu. Wengine wamerudi makwao bila hata kutuaga. Kati ya watu sitini wa chama cha Ruiru tumebaki ishirini na wawili, na hao ishirini na wawili ndio wanalipia kila kitu. Kile chumba chetu cha wazee hapa karibu na stesheni kina deni la kodi ya miezi minne.

Wewe ni karani wa chama chenu cha Thika, huna haja ya kuambiwa kwa nini tulikipanga, lakini nitakukumbusha ili uwasomee wenzako. Sisi wote tunaishi chumba kimoja kimoja, kitanda nyuma ya pazia. Mzazi akitoka nyumbani kuja kututembelea hawezi kulala mahali mtoto wake analala na mkewe. Kwenu Wajaluo ni mwiko, kwetu Ukambani ni mwiko, na Waluhya vilevile. Kabla ya chumba kile, wazee wa watu walikuwa wanalala kwenye veranda ya posta kama mizigo iliyokosa mwenyewe.

Mwenye nyumba ni Mohanlal, yule yule aliyewauzia tarumbeta za bendi yenu. Nimeongea naye. Hataki pesa leo. Anataka chama kingine kiweke sahihi kwamba tukishindwa kabisa mwisho wa mwaka, kitasimama nyuma yetu. Najua na ninyi mnadaiwa. Siombi shilingi, naomba sahihi. Tafadhali lipeleke jambo hili kwa mzee Dalmas na kamati.

Ni mimi shemeji yako,
Kaleli


Makongeni, Thika
11 Juni 1957

Shemeji Kaleli,

Nimepokea salamu na ninazirudisha. Hapa tuko salama. Barua yako imefika na mhuri wa chama juu yake, nikajua mara moja kwamba unataka kitu. Mtu anayeuliza hali tu hapigi mhuri.

Nimemwonyesha mwenyekiti wetu Dalmas. Alisoma mpaka mahali pa Mohanlal, akavua miwani, akanirudishia. Sisi tuna deni la tarumbeta sita na ngoma kubwa, na deni hilo litatuchukua mwaka mzima kulimaliza tukilipa bila kukosa. Kila Jumamosi nazunguka nyumba kwa nyumba nikiomba watu michango na wananifungia milango. Sasa unataka nirudi kwa milango hiyo hiyo niwaambie kwamba tumejifunga na deni la Ruiru? Nikiweka sahihi hiyo nitakuwa namdanganya Mohanlal, kwa sababu siku akija kunidai sina cha kumpa. Jina langu nalihitaji kwa deni langu mwenyewe.

Na tuseme ukweli, kwa kuwa umeutaka. Ninyi mlijiharibu. Mlinunua kitanda cha springi wakati mkeka ungetosha. Kila mzee aliyefika mlimpa chai na mkate kwa pesa ya chama. Mlikaribisha hata wageni wa watu wasiolipa. Mmefungua hoteli ya wakwe, na sasa hoteli imewashinda mnatafuta mtu wa kuwashikia. Sisi tulinunua vitu ambavyo vinaonekana. Tukipita barabarani siku ya Jumapili mpaka Wahindi wanatoka madukani kuangalia.

Nimesema bila kuficha kwa sababu wewe ni mtu wa nyumbani, au karibu. Ng'ombe wawili wa mahari ya Benta bado sijawaona. Pengine uanze na deni hilo.

Msalimie dada yangu.

Shemeji yako,
Nicanor


Ruiru
15 Juni 1957

Shemeji,

Nimesikia mko salama. Sisi pia.

Ng'ombe ulionitajia nitawaleta, na siku hiyo nitawapitisha katikati ya Thika ili Wahindi watoke madukani kuwaangalia. Lakini usichanganye ng'ombe na kodi. Ukishindwa kujibu jambo moja unaruka kwa lingine, nimekujua tangu siku ya kwanza nilipokuja kwenu kuposa.

Nimefungua kitabu cha wageni cha chumba hicho. Mwaka jana walilala wazee thelathini na mmoja. Kumi na wanne walikuwa wazazi wa watu wa Thika, sio wa Ruiru. Mama wa Dalmas alikaa siku kumi na mbili, na mwanawe alikuja kumwona mara moja, amevaa kofia ya bendi. Mama mkwe wako alikaa siku tisa. Baba yako mwenyewe, mzee Ajwang, alikaa karibu mwezi mwaka juzi alipokuja kuwaona wajukuu, na kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea maji ya moto na kuyaweka mlangoni, kwa sababu mkwe hapiti kizingiti. Hakuna siku Thika ililipa hata senti kwa wazee hao. Hatukuwauliza. Ndiyo hiyo chai na mkate unayotucheka nayo. Tuliwanywesha wazazi wenu.

Tarumbeta hailaliwi, Nicanor.

Jambo la pili, na hili ulifikirie kama karani na sio kama shemeji. Mohanlal ni mtu mmoja mwenye maduka mawili. Leo anawangoja ninyi kwa upole kwa sababu anaamini vyama vyetu havianguki. Akituona sisi tumeanguka, ataingiwa na hofu, na kesho yake atapanda gari kuja kuangalia kama ninyi bado mmesimama. Unafikiri hofu ya mtu mwenye pesa inakwisha Ruiru? Ukitusaidia unajisaidia. Ni sahihi tu.

Nangoja jibu la kamati, sio la kwako.

Kaleli


Makongeni, Thika
2 Julai 1957

Shemeji Kaleli,

Salamu nakutumia kwa sababu barua haianzi bila salamu.

Ulitaka jibu la kamati, hili hapa. Tulikutana Jumapili baada ya mazoezi. Nikasoma barua zako zote mbili, na hata ile ya matusi niliisoma yote ili usiseme nilificha. Watano walisema tuweke sahihi. Watano walisema tusiweke. Kwa katiba yetu watu wakilingana, karani ndiye anayeamua.

Nilisimama nikawaambia hivi: Ndugu zangu, jirani akizama nami niko majini, nikimpa mkono tunazama wawili, na wa kwetu nyumbani watalia mara mbili. Tuna watoto wa shule. Tuna deni letu. Ruiru ni watu wazima na walijua walichofanya. Nikasema sisi sio wabaya, sisi tunadaiwa tu. Watu walipiga makofi, na hata kati ya wale watano wengine, wawili walipiga.

Kwa hivyo nilipiga kura ya kukataa, na jina langu limeandikwa kwenye daftari. Sina aibu nalo. Kuhusu wazee waliolala kwenu, hatukuwatuma. Walikuja wenyewe na mkawafungulia wenyewe.

Hiyo ya kututisha na Mohanlal, mwache aje. Anatujua.

Usituandikie tena habari hii.

Nicanor, Karani


Ruiru
20 Julai 1957

Kwa Karani wa Thika,

Chumba kimekwenda. Mohanlal amempa fundi wa cherehani tangu juzi, na pazia letu analitumia kufunika vitambaa vyake. Kitanda tumekiuza. Kitabu cha wageni ninacho mimi nyumbani. Chama cha Ruiru kimekwisha, unaweza kuwaambia wapige tena makofi.

Benta anataka niongeze neno moja hapa. Nimekataa.

Kaleli


Makongeni, Thika
8 Agosti 1957

Kaleli,

Sijui mko wazima au vipi, na leo sina nafasi ya kuuliza. Ulijua. Ulijua na ukanyamaza!

Jumanne jioni nimetoka kazini nikamkuta baba yangu ameketi kwenye ngazi ya nyumba namba nane, sio hata yangu, na mfuko wake magotini. Amefika na mtu wa kwetu aliyemshusha stesheni ya Thika na kumwacha, kwa kuwa alitaka kutusalimia kwanza. Haoni. Macho yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe, alikuwa ameutafuta mlango wangu kwa kuuliza na kupapasa. Ana barua ya daktari wa misheni kwamba Jumanne ijayo tarehe kumi na tatu afike hospitali kubwa Nairobi kupasuliwa. Nikamuuliza, Baba, mbona hukutuambia? Akasema aliandikisha barua mwezi wa sita kwa Benta, kwamba atakuja na atalala katika kile chumba chake cha Ruiru mpaka siku ya daktari. Chumba chake! Hivyo ndivyo anavyokiita.

Mwezi wa sita, Kaleli. Uliniandikia kurasa tatu za kodi na chai na ng'ombe, na hukuandika mstari mmoja kwamba baba anakuja. Ungeniambia ningepiga kura nyingine. Wewe unajua ningepiga nyingine. Ni mtu gani anayefanya hivyo?

Sasa sikia nilichofanya, kwa sababu utasikia hata hivyo kwa midomo ya watu. Nilitafuta mahali Makongeni nzima. Kila chumba kina mtu na mke wake na watoto. Nikaona, baba haoni. Nikamhamisha mama watoto kwa jirani, nikaficha nguo zetu chini ya meza, nikamshika mkono baba nikamzungusha nyumba mara mbili ili asijue ni mlango wangu, kisha nikamwingiza ndani nikamwambia, hiki ni chumba cha wazee cha chama cha Thika, na sisi siku hizi tunacho. Akafurahi. Akasema chama chenu kimekua. Akaketi kitandani, akawa anapapasa mto apate kulala, na chini ya mto mkono wake ukashika kitambaa cha kichwa cha mke wangu.

Alikinusa. Halafu akasimama polepole. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alisema tu, Nicanor, umenikalisha wapi? Akatoka na fimbo yake akaketi karibu na bomba la maji, na hakuingia tena nyumba yoyote. Hata askari wa kafyu, wanaokamata kila anayekaa nje usiku, walimwona wakamwacha.

Leo asubuhi amekataa chai yangu. Anasema anakwenda Ruiru kwenye chumba chake. Nilimwambia chumba hakipo tena. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Nimempandisha treni na kijana wa Dalmas, ambaye atamwacha kwa Benta.

Mimi siwezi kuja. Mohanlal alifika hapa jana na gari, amesikia Ruiru imeanguka, anataka nusu ya deni lote kabla ya Jumapili, na kwa kuanzia amebeba ngoma kubwa. Jumapili tuna mashindano. Ninyi ndio mliotuletea haya. Najaribu kumwona leo na kesho.

Mtafutie baba mahali. Mwombe yule fundi, mlipe, nitarudisha. Ni siku chache tu mpaka siku ya daktari. Usifanye jambo hili kuwa la mimi na wewe.

Nicanor


Makongeni, Thika
12 Agosti 1957

Shemeji Kaleli,

Habari za huko? Habari za Benta? Sijapata jibu lako wala la mtu yeyote.

Ngoma tulirudishiwa Jumamosi. Mohanlal alikubali baada ya mimi kumwekea sahihi yangu na baiskeli yangu. Jana tulipiga mashindanoni, tukashika nafasi ya nne.

Kesho ndiyo siku ya daktari. Nimeomba ruhusa kiwandani, nitafika huko hospitali Nairobi saa mbili asubuhi, mwambie baba anisubiri mlangoni. Hapa ndani kuna shilingi kumi za chakula na za fundi. Mwambie baba kwamba nilikosea ile habari ya kitanda. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Tafadhali jibu.

Shemeji yako,
Nicanor


Ruiru
14 Agosti 1957

Nicanor,

Mimi mzima. Benta mzima, lakini haongei na mimi wala hataki kusikia jina lako, kwa hivyo nyumba ina amani ya ajabu.

Najua jana ulisimama mlangoni pa hospitali mpaka saa saba. Philip, mtu wetu anayefanya kazi reli, alipita hapo akakuona. Barua yako na shilingi kumi zimenifikia jana hiyo hiyo jioni. Baba yako aliondoka Ruiru siku ya Jumamosi. Wakati ulipokuwa unamwekea Mohanlal sahihi kwa ajili ya ngoma, mzee alikuwa njiani kurudi nyumbani na macho yake yale yale.

Nianze na langu, kwa sababu nimelibeba na linaniuma. Ndiyo, nilijua. Barua yake ilifika tarehe sita Juni, na niliposhika kalamu tarehe kumi na tano kukujibu, ilikuwa kwenye meza pale pale. Benta alinisihi nikuambie. Nilikataa mara ya kwanza, na mwezi wa saba nikakataa tena. Na mzee mwenyewe hatukumwandikia kwamba chumba kimekwenda, tukitumaini kupata kingine. Nilitaka uwasaidie watu wa Ruiru kwa sababu ni watu, sio kwa sababu baba yako ni mmoja wa wageni. Nilikuwa nimekasirika, na nikaona nikikuambia utaweka sahihi na kamwe sitajua wewe ni mtu wa namna gani. Sasa najua, na ninajijua na mimi, na mzee ndiye aliyelipa. Hiyo haifutiki na siombi uifute.

Kijana alimleta Alhamisi saa nne. Mzee alimwomba Benta ampeleke chumbani kwake, akidhani wewe umemdanganya kwa hili pia. Benta akampeleka. Alipapasa mlango, akasikia cherehani ndani, akaondoa mkono. Nilimwomba yule fundi. Ana mke na mtoto mchanga mle ndani, ningemwambia nini? Kwangu hawezi kulala, unajua, na hata angekubali mimi nisingekubali, kwa sababu siwezi kumfanyia vile ulivyomfanyia. Nilizunguka mpaka Kalimoni kuuliza misheni, nafasi hakuna mpaka wiki ijayo. Mwisho karani wa stesheni alituachia benchi la abiria wa daraja la tatu.

Alikaa hapo Alhamisi na Ijumaa. Wewe unajua baridi ya Agosti. Benta alikuwa analeta uji na blanketi letu. Mimi nilikaa benchi la upande wa pili, siku mbili, na kibarua changu nikakikosa. Sikusema neno. Mkwe hapigi soga na baba wa mke wake, na isitoshe ningesema nini? Nilikuwa pale tu asiibiwe fimbo.

Ijumaa jioni alianza kukohoa. Akamwambia Benta kwamba hawezi kungoja daktari kwenye benchi mpaka Jumanne, atafia mahali ambapo hata paa si la mtu. Benta alilia, akamsihi, hakusikia. Jumamosi asubuhi tukamtayarisha. Benta angemfikisha Nairobi na kumkabidhi kwa mtu wa kwenu anayerudi Kisumu. Nauli ilitoka kwa kile kitanda cha springi. Zile zilikuwa pesa za wanachama, nikawauliza wote waliobaki, na hakuna aliyesema hapana. Hatukupiga hata kura.

Treni ilipofika Benta alikuwa na mizigo mikono yote miwili. Ngazi ya behewa iko juu. Hakukuwa na mtu mwingine, Nicanor, kwa hivyo nilifanya lisilofanywa, nikamshika mzee mkono nikaweka mkono wake begani mwangu ili apande. Akasimama pale na ngazi mbele yake, na hakupanda. Akanishika bega kwa nguvu. Akaanza kusema kwa lugha yenu. Miaka sita nimeishi na dada yako, naielewa kuliko unavyofikiri.

Alisema: "Nicanor, siku mbili umekaa hapa mbele yangu na hukufungua mdomo. Nilisikia unavyopumua. Nilijua ni wewe. Ile habari ya kitanda nimeiacha, usiibebe tena. Mtu anayeona aibu kiasi hicho bado ni mtoto wangu."

Ningemjibu, angesikia Ukamba katika kila neno, na angejua ameshikwa na mkwe wake mbele ya watu, na angejua pia kwamba wewe hukuja. Nikanyamaza. Akanipigapiga bega, kama unavyompiga mtoto, akapanda. Benta alisikia yote kutoka juu ya ngazi. Ndiyo maana haongei na mimi.

Shilingi zako kumi ziko ndani ya bahasha hii, zihesabu. Ng'ombe wawili watatoka kwetu Machakos mwezi wa kumi na watafika kwa baba yako moja kwa moja, usiwangoje Thika. Baada ya hao hatudaiani chochote.

Jumapili Benta anaandika barua nyumbani. Aliniandikia swali kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo njia yetu ya kuongea siku hizi: amwambie baba ni nani alikuwa kwenye benchi lile, au aache mzee aendelee kuamini? Nimemwandikia aache nafasi tupu hapo katikati ya barua, kisha akuletee wewe uijaze. Andika kwamba ulikuwa wewe, au andika ulikuwa wapi. Mimi nitaifunga bahasha na kuipeleka posta bila kuisoma. Lakini kwa lile utakaloandika, usitegemee sahihi yangu.

Kaleli